Kasuku hashuki begani, na mke wangu asema ameletewa mke mwenza

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni fundi wa kushona kanzu, nina miaka 33, naishi Mombasa. Cherehani yangu iko ukumbini, kwa hiyo nyumba ndiyo duka na duka ndiyo nyumba. Nilioa mwaka jana. Mke wangu ni mtu mpole, hana makuu, na sasa ana mimba ya miezi minne. Nalitanguliza hilo usije ukadhani nakuandikia kumshtaki.

Ninaye kasuku, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. Jina lake Sudi. Nilipewa na mzee jirani yangu alipohamia kwa bintiye, wakati huo nikiwa kapera. Mzee alimzoesha kukaa begani, nami nikaendeleza. Asubuhi nikifungua tundu tu, huyo, bega la kushoto, na hashuki mpaka usiku nimalize kazi nizime taa, ambapo ni saa sita, na karibu na Idd hata saa nane. Nashona naye, nakula naye, napokea wateja naye. Ameiga mlio wa cherehani na mlio wa simu yangu, na mtu akibisha hodi yeye ndiye anayeitikia "Karibu, pita ndani!" kwa sauti yangu hasa. Watu wanaokuja kupimwa wanakuja pia kumwona Sudi. Sikatai, nilikuwa najivunia, ingawa kanzu za watu nimezifua mara nyingi kwa sababu yake.

Mambo yaliharibika alipoingia mke wangu. Siku za mwanzo Sudi alikuwa akimtazama tu. Baadaye ikawa mke wangu akija na chai, Sudi anasimamisha manyoya ya shingo na kuniuma mimi sikio. Mimi, si yeye! Nina kovu. Tukikaa pamoja jioni, ndege hatulii, mara bega hili mara bega lile, na yule akisogea karibu tu nalipia mimi. Nikitaka kumshusha anakimbilia mgongoni, pale katikati ambapo mkono haufiki, nami nabaki kuzunguka ukumbini huku mteja ananitazama.

Mke wangu alianza kwa mzaha, akamwita Bi Mkubwa. "Mwambie Bi Mkubwa anipishe, nina neno na mume wangu." Tulikuwa tukicheka. Sasa hatucheki.

Majuzi aliinama kunionyesha kitambaa alichomnunulia mtoto, Sudi akaruka akamuuma shavuni, chini kidogo ya jicho. Damu ilitoka. Nilimkamata Sudi nikamrudisha tunduni, nikamtuliza maana alikuwa akipiga kelele na kujigonga kwenye vyuma, kisha nikaenda kumtazama mke wangu. Nilimkuta ameshajiosha. Hakusema kitu usiku ule. Kesho yake akaniambia: "Mtoto akizaliwa, nyumba hii itakuwa yetu au ya huyu ndege. Fikiria."

Nimejaribu nilivyoweza. Nimemkemea, ananijibu kwa kicheko, tena kicheko cha mke wangu. Nimetikisa bega, ananing'ang'ania kwa kucha hadi shati likatoboka. Nimempulizia maji kwa chupa ya kupigia pasi. Anatanua mbawa anaoga. Shemeji yangu akanishauri nipake pilipili ya kusaga kwenye mabega ya shati. Nikapaka, nyingi. Sudi aliila yote, Bi Mshauri, akaendelea kutafuta nyingine kwenye kola. Aliyetokwa na machozi ni mimi, nilipojifuta jasho.

Kila mtu ana lake. Shemeji sasa asema nimkate mbawa. Mama mkwe asema ndege anayekaa juu hujiona yeye ndiye mwenye nyumba, afungiwe tunduni mpaka ajue nafasi yake. Rafiki yangu mmoja asema nikimnyima bega ghafla atajinyonyoa manyoya kwa huzuni. Ami yangu aliyeko Muscat yuko tayari kumchukua, na kule kasuku wanapendwa sana. Lakini nikifikiria kumpakia Sudi nahisi namfukuza aliyekula nami nilipokuwa sina wa kula naye.

Maswali yangu: kasuku mwenye wivu kama huyu anaweza kufundishwa kukaa mbali na mabega? Ni haki kumnyima kitu tulichomzoesha wenyewe? Na mke wangu nimwambie nini?

Fundi, Mombasa

JIBU

Mwanangu, marahaba.

Tuanze na pilipili, maana ndani yake mna jibu la nusu ya barua yako. Ule ukali unaotuchoma sisi ndege hawausikii kabisa. Kwa kasuku pilipili ni tunda kama matunda mengine, na tena ni zuri kwake, kwani kasuku wanaofugwa kwa mbegu tupu mara nyingi hupungukiwa na vitamini A. Kwa hiyo siku ile Sudi alipanda begani akakuta ameandaliwa chakula. Ukimkemea, anapata mazungumzo. Ukimpulizia maji, anaoga. Ukizunguka ukumbini kumtafuta mgongoni, anapata mchezo na watazamaji juu yake. Yote uliyoyafanya kumtoa begani yamekuwa yakimlipa kwa kukaa begani.

Nikiielewa barua yako vizuri, una ndege aliyekuwa jamaa yako wakati nyumba ilikuwa tupu, na sasa nyumba imepata mwenyewe, na karibuni itapata mwingine. Mahali alipopazoea ndege ni mahali hasa ambapo mke angetaka kuweka kichwa, na mtoto naye atalala papo hapo akicheuliwa. Unaogopa kuwa kumshusha mmoja ni kumsaliti, na kutomshusha ni kumsaliti mwingine. Nimekuelewa?

Sasa hilo la wivu. Sikatai kwamba unachokiona kinafanana nao. Lakini tazama maisha yao. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu, kutoka Afrika Magharibi kupita Kongo na Uganda hadi pembe ya msitu wa Kakamega huku kwetu. Huruka na kulala kwa makundi, na akikomaa hushikamana na mwenza mmoja, hutaga katika shimo la mti, na shimo hilo hulilinda. Sudi hana kundi wala mti. Ana wewe. Amekufanya mwenza, na bega lako amelifanya kiota. Anayekaribia kiota hufukuzwa, na asipofikika, hasira humwangukia aliye karibu na mdomo, ndiyo maana sikio lako ndilo lililolipa. Mkeo hakukosea sana alipomwita Bi Mkubwa, isipokuwa kwa macho huwezi kujua kama Sudi ni dume au jike. Kwa kasuku hawa wote wawili hufanana, na hujulikana kwa uhakika kwa kupimwa DNA. Huenda miezi yote hii mke mwenza amekuwa ni bwana mwenza.

Nakwambia hivi kwa sababu mwenye wivu unamwonea huruma au unamchukia. Ndege anayelinda kiota unaweza kumwondolea kiota, ukampa kituo kingine, na roho yake isivunjike.

Mama mkwe wako naye hajasema peke yake. Zamani hata vitabu vya wafugaji viliandika kwamba kasuku akikaa juu ya usawa wa macho yako anakutawala. Wanaoshughulika na tabia za ndege siku hizi wengi wameliacha wazo hilo. Ndege hupenda juu kwa sababu juu ni salama na huona mbali. Kumfungia ili ajue nafasi yake hakumfundishi nafasi yoyote, kunamfundisha tu kuwa tundu ni baya, na kesho yake itakuwa vigumu zaidi kumrudisha. Hata hivyo yule mama ameona jambo la kweli: Sudi akiwa begani, mwenye kuamua ni Sudi. Wewe humfikii, na baya zaidi, humwoni.

Kasuku hatoi onyo kwa sauti tu. Kabla ya kuuma, mboni ya jicho lake husinyaa na kutanuka haraka haraka, manyoya ya shingo husimama, mkia hufunguka, mwili hushuka na kujivuta mbele. Aliye mkononi au kwenye kitulio unayaona yote hayo na una nafasi ya kurudi nyuma. Aliye begani yuko karibu na jicho lako na wewe unatazama sindano. Katika nyumba yenu anayeziona dalili hizo ni mkeo, kwa kuwa yeye ndiye anayekuja kwa mbele. Fikiria anavyojisikia kila anapobeba kikombe cha chai kukuletea: anaona jicho linacheza, na mume wake anaendelea kushona.

Tena nikuulize: mkono wako humfanyia nini Sudi? Asubuhi unafungua mlango, anatoka mwenyewe. Mchana kutwa mkono uko kwenye kitambaa. Unapomjia yeye, ni saa sita ya usiku na safari ni ya tunduni. Begani raha haiishi, mkono ukija raha imekwisha. Ungekuwa Sudi, nawe ungekimbilia mgongoni! Kwa hiyo ninavyoliona mimi, kazi ya kwanza ni kuusuluhisha mkono wako na huyu ndege, bega lije baadaye.

Jambo hilo linawezekana, hata kwa ndege mkubwa mwenye mazoea. Kuna kasuku wa aina hiihii aliyeitwa Alex, ambaye mwanasayansi Irene Pepperberg alimnunua dukani Chicago mwaka 1977. Hadi alipokufa mwaka 2007 alikuwa amejifunza kutaja vitu, rangi, maumbo na idadi. Sudi amejifunza kicheko cha mkeo bila kufundishwa. Hashindwi kujifunza pa kukaa, mradi pawe na faida.

Mtafutie kitulio. Tawi la mpera linafaa, lenye maganda yake na unene usio sawa ili miguu isichoke, likae imara kwenye mguu mzito, usawa wa kifua chako, mahali ambapo ukiinua macho kutoka kwenye cherehani unamwona uso. Lisiwe karibu na uzi, kwani uzi humzunguka kidole cha mguu ukakikata damu, wala vifungo na pini, wala chini ya feni ya dari. Nashangaa kidogo kwamba hujaandika habari za feni. Nyumba ya Mombasa haikosi, na kasuku anayeruka na feni inayozunguka havikai chumba kimoja.

Kisha jua kitu anachokipenda kuliko vyote, ukitoe kwenye bakuli lake la kila siku, kipatikane kitulioni tu. Inaweza kuwa mbegu ya alizeti, kipande cha karanga iliyokaangwa bila chumvi, au hiyohiyo pilipili. Karanga zilizopata ukungu usimpe, sumu yake huharibu ini, na parachichi usimpe hata chembe. Mweke kitulioni, na kabla hajafikiria kuondoka, mpe. Mpe tena. Mwanzoni utamlipa kwa kukaa nukta chache, kisha kwa muda wa mshono mmoja wa kwapa, kisha kwa upindo mzima. Wengi hukosea hapa: hungoja ndege aondoke ndipo wamkumbuke. Aliyetulia hulipwa akiwa ametulia. Na mpe cha kufanya, kasuku asiye na kazi hujitafutia: gome la kuchana, karatasi iliyofungiwa mbegu, kipande cha mti laini.

Mkono nao uanze ukurasa mpya. Uweke chini ya kifua chake, juu kidogo ya miguu, useme neno moja tu, "panda", akipanda mpe kitu, kisha umrudishe kitulioni, si tunduni. Fanya hivyo kwa vipindi vifupi vya dakika chache, mara kadhaa kwa siku, na uachie wakati bado ana hamu. Safari nyingi za mkono ziishie kwenye mema, ili ile moja ya usiku isizichafue zote, na hata hiyo ya usiku akute chakula kizuri tunduni. Akiwa mkononi, weka kiwiko chini ukibane ubavuni, na kiganja kiwe juu kuliko kiwiko. Ndege hupanda kuelekea juu. Mkono ulioinama kuelekea bega kwake ni ngazi umemtengenezea mwenyewe.

Ataruka begani tu, hasa siku za mwanzo. Hapo ndipo penye kazi kwako wewe. Usiseme neno, usicheke, usimtazame. Sogea kwenye kitulio, inama ili pa kushukia pawe karibu na miguu yake, au mletee kijiti mbele ya kifua badala ya mkono, maana kijiti hakiumii. Akishuka, subiri kidogo ndipo umlipe, asije akajifunza kupanda begani ili ashushwe alipwe. Na uwe tayari kwa hili: tabia iliyokuwa ikilipa, ikiacha kulipa, huzidi kwanza kabla ya kupungua. Atapiga kelele, ataruka begani mara nyingi kuliko zamani. Wengi hukata tamaa siku hizo wakamwacha akae "leo tu", na kwa leo hiyo moja ndege hujifunza kuwa king'ang'anizi ndiye hushinda. Kama unajijua huwezi kuvumilia wakati wa kushona kanzu za Idd, usianze Ramadhani.

Jambo jingine lililonifanya nisimame kwenye barua yako ni saa sita, saa nane. Kasuku anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na kimya. Sudi analala nusu ya hizo tu, kwa kuwa hadi usiku wa manane yuko begani kwako chini ya taa ya ukumbini, cherehani ikilia. Ndege asiyelala huwa mkali, na mwanga mrefu unaweza kumwamsha hamu ya kuzaa, ambayo huongeza huko kulinda kiota. Mpeleke alale chumba kingine jua likishazama, na wewe uendelee na kazi yako. Na unapompapasa, papasa kichwa na shingo tu. Mgongo na chini ya mbawa ni maungo ya mwenza, ukimgusa huko unamthibitishia ndoa anayoidhani.

Hayo ni ya njia ya mafunzo. Faida yake ni kwamba haimuumizi yeyote. Hatari yake ni muda: huenda ni wiki, huenda ni miezi, na mimba haisubiri. Wala hakuna atakayekuhakikishia kwamba Sudi atampenda mkeo mwishowe. Anaweza kuacha bega na bado asimtake.

Kukata mbawa naelewa kwa nini kunavutia, kunaonekana ni suluhisho la dakika moja. Lakini aliyekatwa mbawa hutembea, na kutoka mezani hadi begani kwako ni hatua chache tu kupitia mkono wa shati. Akianguka huanguka vibaya, kasuku wa kijivu ni mzito kwa kimo chake, hupasua kifua au kuvunja manyoya machanga ambayo bado yana damu ndani. Na ndege asiyeweza kukimbia akiogopa hubakiwa na mdomo. Wapo madaktari wa mifugo wanaokata kwa kiasi na kwa sababu maalumu. Ukiamua, muone mmoja wao, usimwachie shemeji na mkasi wako wa kanzu.

Kumfungia tunduni moja kwa moja kutamlinda mkeo kesho asubuhi, na kwa siku chache huenda ukakuhitaji. Kwa muda mrefu rafiki yako ana haki: kasuku mpweke asiye na shughuli huweza kujinyonyoa hadi akabaki kifua kitupu, na tabia hiyo ikishakaa ni ngumu kuiondoa. Ila rafiki yako amechanganya bega na wewe. Kinachomtesa kasuku ni upweke na uvivu. Ukimwondoa begani ukamweka kitulioni hatua moja kutoka kwako, mkizungumza mchana kutwa, umemnyima nini? Ulitumia neno "haki". Sudi anayo haki ya usingizi, ya kuoga, ya kutafuna na ya kutoachwa peke yake. Sijui kama bega la mtu limo katika haki hizo. Baadhi ya wafugaji hulirudisha baadaye kwa mwaliko, ndege akishajua kushuka anapoambiwa. Hilo mtalizungumza nyinyi wawili, lakini mtu akiwa amebeba mtoto mchanga, bega lisiwe na kasuku hata aliyefuzu.

Kumpa mtu mwingine si ukatili, na usijizuie kulifikiria kwa kuogopa jina hilo. Kasuku hawa wakitunzwa vizuri huishi miaka 40, wengine 60. Sudi alishabadilisha mwenyewe mara moja akakupenda. Anaweza kupenda tena. Lakini hiyo ya Muscat siyo ya kufunga sanduku. Kasuku wa kijivu tangu 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kile chenye masharti makali kuliko vyote, na kumvusha mpaka bila vibali vya nchi zote mbili ni kosa kubwa. Hata kumfuga hapa kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na barua yako haikutaja kama mzee alikuachia karatasi. Kama hukuachiwa, nenda ukaulize wewe kabla hujaulizwa. Ukimpa jamaa wa hapahapa, suala hilo la kibali bado lipo.

Na kuna la afya ambalo hatutalipamba. Kasuku wa kijivu hutoa vumbi jeupe la manyoya, na kuna ugonjwa unaoitwa homa ya kasuku, unaotokana na bakteria wa kwenye kinyesi na vumbi hilo. Si wa kila siku, lakini ukimpata mjamzito unaweza kuwa mkali. Ndege mgonjwa si lazima aonekane mgonjwa. Mkeo akienda kliniki aseme kwamba nyumbani kuna kasuku, na kwamba aliumwa naye. Sudi naye aonwe na daktari wa mifugo apimwe. Tundu lisafishwe na wewe, kwa kitambaa chenye maji na si kwa ufagio mkavu, na mkeo asiwepo. Kuna pia sufuria na vikaango visivyogandisha chakula (non-stick): vikiungua moto mkali moshi wake huua ndege kwa dakika chache, hata kama binadamu huenda asihisi kitu.

Nimeacha swali lako la tatu hadi sasa kwa kuwa karanga hazilifikii. Umeandika, kwa mkono wako mwenyewe, ulivyofanya siku ya shavu: ulimkamata Sudi, ukamrudisha tunduni, ukamtuliza, kisha ukaenda kwa mkeo ukamkuta ameshajiosha. Najua ndege alikuwa akijigonga na ilibidi mtu amshughulikie. Sikulaumu. Lakini jiweke alipokuwa yeye, ameshika shavu kwenye bomba la maji, anakusikia ukimbembeleza mwingine chumba cha pili. Huenda maneno ya kesho yake yalizaliwa pale, na mdomo wa ndege ulikuwa sehemu ndogo. Nasema huenda, kwa kuwa mimi simjui, wewe ndiye unayemjua. Je, umemuuliza? Barua nzima ina maneno ya shemeji, mama mkwe, rafiki na ami. La mkeo ni moja, tena la hasira.

Zungumza naye Sudi akiwa amelala chumba kingine. Usiende na mpango ulioukamilisha ukaomba baraka. Mweleze unachoogopa kupoteza, maana nadhani hajui jinsi nyumba ile ilivyokuwa kimya kabla yake. Msikilize anachoogopa. Pengine atakupa miezi mitatu ya kujaribu, mkapanga mtakavyojua kama imefaulu. Pengine atasema hapana, hawezi kujifungua akiwa na hofu ndani ya nyumba yake, na jibu hilo nalo ni la kuheshimiwa. Akitaka kusaidia, kazi yake iwe nyepesi: akipita adondoshe mbegu bakulini na kuendelea na safari yake, bila kumgusa wala kumwangalia, mpaka Sudi aanze kuona kwamba huyu akija, chakula kimekuja. Asipotaka, asilazimishwe. Hakuolewa na ndege.

Na kabla hujalikata lile tawi la mpera, muulize mkeo angependa kitulio kikae upande gani wa ukumbi.

Mshauri wako